Deizi Iliyoshiba

Jumapili, 1 Februari

Leo nimesema neno mbele ya jumuiya nzima. Sikulipanga. Limetoka lenyewe.

Mzee Osmund, mwenyekiti wetu, alitangaza kwamba Pasaka hii zamu ya kupamba altare imeangukia jumuiya yetu. Vigelegele! Hapo hapo Imaculata, jirani yangu wa uzio mmoja, akasimama akasema watu wasihangaike, maua yake yapo. Yapo kweli. Ya plastiki. Mekundu, ya bluu, na mengine yana rangi ambayo Mungu hajawahi kulipatia ua lolote. Huyaosha kwa sabuni ya unga, kisha anayaanika kwenye kamba kwa vibanio, kama soksi.

Na kwetu desturi ni hii: maua yakitoka nyumba fulani, mtoto wa nyumba hiyo ndiye anayetangulia kwenye maandamano, na ua la kwanza mkononi, mpaka altareni. Kwa hiyo kila Pasaka ni Clinton. Clinton wa Imaculata, na suti yake, na tai yake.

Nikamwangalia Rozi wangu mapajani. Ana miaka miwili na ushee. Alikuwa anatafuna mkanda wa mkoba wangu. Nikamwona kwenye gauni jeupe, kashika ua, kanisa zima linamtazama yeye. Mdomo ukafunguka. Nikasema Bwana alifufuka mzima, hakufufuka wa plastiki, kwa hiyo mwaka huu tumpe maua mazima, kutoka bustani yangu.

Makofi! Mzee Osmund akasema imepita, Mama Rozi ataleta maua, Rozi atatangulia.

Tatizo dogo tu. Sina bustani. Nina kuku na mpera mmoja.

Imaculata akatabasamu, akasema yake atayaweka tayari kwenye beseni, pengine yatahitajika. Hayatahitajika! Thadeo, mume wangu, aliposikia aliuliza hayo maua yako wapi. Nikamjibu yako njiani.

Jumatatu, 2 Februari

Yamefika!

Nilimbeba Rozi mgongoni mpaka kwa masista. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, nikamweleza Sista Adela shida yangu yote, hata lile la suti ya Clinton. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko lao. Maua meupe, katikati manjano, yamesimama kwa wingi kama watoto wa shule wanaimba. Akasema yanaitwa deizi. Rozi akasema yai. Kweli, ni kama yai lililokaangwa na kuwekwa juu ya kijiti!

Sista alisema hili si ua la msimu mmoja. Linaishi mwaka hadi mwaka. Jua linalipiga, baridi ya Julai inalipiga, linalala chini kama limekufa, kisha linaamka tena. Tukilipanda sasa, Pasaka litakuwa limechanua. Linataka jua, udongo wa kawaida tu, na maji siku ya kupanda. Akang'oa shina moja kubwa, akanionyesha kwamba linapasuliwa kwa mikono, na kila kipande chenye mzizi kinakuwa mama wa wengine.

Halafu akaniambia, "Ukishaipanda, isahau, Oliva."

Sista ni mtu wa Mungu, lakini hajalea. Unapandaje kitu halafu unakisahau? Rozi ningemsahau, sasa hivi angekuwa katikati ya barabara anaongea na pikipiki.

Nyumbani nikapasua vipande. Vinene nikavipanda mbele ya nyumba, kwa mstari. Kimoja kilikuwa kikonde sana, majani mawili, mizizi kama ndevu za mzee. Nikakihurumia. Kisha nikakirusha juu ya uzio.

Upande wa pili kuna jalala la Imaculata. Huwa tunarusha hapo vitu vidogo vidogo. Maganda, magunzi, majani ya chai. Shimo letu la taka liko mbali, mpaka nyuma ya choo, na jalala lake lipo hapo hapo. Nikirusha huwa nasema, "Mama Clinton, pokea!" Si kwa sauti. Ni kwa ajili ya Rozi, anapenda kucheka.

Jumamosi, 7 Februari

Deizi zimeshika! Kila asubuhi naziamkia kabla sijanawa uso. Jana nilifukua moja kidogo kuangalia kama mzizi upo. Upo. Nikafukia. Jioni nikafukua tena, kuhakikisha.

Leo nimepata akili kubwa. Thadeo alikuwa anaweka mbolea ya kukuzia kwenye mahindi yetu kule Matogoro. Nikajiuliza: hapa Songea, nani anavuna kitu bila mbolea? Hakuna. Bila mbolea hindi linatoka kama kidole cha mtoto. Na mahindi nayo si yanatoa maua kule kileleni? Basi tofauti ni ndogo. Sista pengine hajawahi kulima mahindi.

Mfuko ulikuwa mlangoni. Nikachota kopo. Nikaona ni choyo, nikachota lingine. Kila deizi nimeipa lake, pembeni ya shina, nikafukia vizuri kama tunavyofanya shambani. Rozi alipiga makofi. Mungu anisamehe, lakini nilijisikia mtaalamu!

Jumamosi, 14 Februari

Majani! Jamani, majani!

Yamenenepa, yameiva rangi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Waliopita barabarani wamesimama. Mmoja ameuliza ni kabichi ya aina gani. Nikamwambia asubiri Pasaka. Nimeongeza kopo.

Kwenye jumuiya leo Imaculata alileta malalamiko. Kuna mtu anamtupia taka. Kila akifagia asubuhi, mchana anakuta gunzi. Alisema hamtaji mtu, lakini huku akiutazama ukuta ulio nyuma ya kichwa changu. Mzee Osmund akauliza kama kuna anayejua. Mimi nikaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wangu.

Nikaona nitoe wazo. Nikapendekeza tumwombee mtu huyo, Mungu amguse moyo. Watu wakakubali kwamba nina roho nzuri. Tukasali. Mimi nilifumba macho kuliko wote.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Tumetoka kanisani na jivu kwenye paji la uso. Rozi lake kalilamba.

Kufika nyumbani, msiba! Jani moja lina tundu! Nikajua tu, viwavi. Kule shambani kiwavi akiingia kwenye moyo wa hindi, dawa ya haraka ni jivu la jikoni, unatia palepale moyoni. Basi nikazoa jivu mafigani nikazipitia zote, moja moja, katikati. Kwa hiyo leo deizi nazo zimepata majivu. Zinakaa kama zimetubu.

Baadaye nikamwona jogoo anadonoa jani. Kumbe tundu ni lake. Jivu halijapotea, litasaidia siku nyingine. Jogoo nimemfunga kamba.

Jumanne, 3 Machi

Mvua kubwa usiku wote. Nilihofia majani yatavunjika, nikazifunika deizi kwa chandarua, na juu yake turubai la Thadeo la kufunikia saruji. Asubuhi Thadeo alitoka, akasimama, akauliza ni nani mgonjwa.

Mchana alirudi kutoka Matogoro. Alisema mistari ya mwisho ya mahindi imekuwa ya njano, maana mbolea haikufika. Alikuwa na hakika ingetosha. Nikasema siku hizi mifuko inapunjwa, dunia imeharibika. Akautazama mfuko. Akalitazama kopo. Akafunua chandarua akayatazama majani, ambayo sasa yananifika magotini.

"Mama Rozi," akasema, "hapa tutavuna magunia mangapi?"

Akauliza tena, kwa upole kabisa, kama yanalika na ugali. Halafu akacheka, akakaa chini kwenye kizingiti akacheka vizuri, mpaka Rozi naye akacheka bila kujua sababu. Ningependa angefoka. Mtu akifoka unapata cha kujibu.

Nikamweleza kuhusu gauni jeupe. Gauni lenyewe nimeshalishona, kwa kitambaa kilichobaki kwenye shela langu la harusi. Nikamwonyesha. Alilishika kwa ncha za vidole, maana mikono ilikuwa na udongo. Akaenda akachonga vijiti vya mianzi, akaziegemeza deizi zilizolala, akazifunga moja moja kwa kamba ya katani.

Ndiyo maana nilimkubali.

Jumamosi, 14 Machi

Sista Adela amekuja! Alikuwa anapita kwa mgonjwa, akasema acha nione watoto wangu. Nilimtandikia kiti mbele kabisa ya deizi, kama mgeni rasmi.

Alizitazama muda mrefu. Akaweka mkono katikati ya majani, mkono ukapotea. Akatafuta tumba. Akahamia kwenye nyingine. Hakuna. Hata moja. Akaniuliza nimezilisha nini. Nikamwambia kidogo tu. Akauliza kidogo kipi. Nikamwambia kidogo cha mbolea ya kukuzia, kidogo cha samadi ya kuku, majivu, na maziwa ya Rozi yaliyobaki, maana yangemwagwa bure.

Akajifunika uso kwa shela lake. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia.

"Imeshiba, Oliva," akasema. "Inakula, inalala. Ua la nini?"

Akanieleza taratibu, kama kwa mtoto wa komunyo. Hii ni mimea ya maisha magumu. Ikipata dhiki kidogo inakumbuka kutoa ua. Ikipata raha inatoa majani tu. Nisiiguse. Nisiipe kitu. Niipite kama siijui. Nikaitikia kila neno. Nilimwelewa kabisa!

Alipoondoka nikazimwagia maji niliyooshea mchele. Hiyo si mbolea. Hayo ni maji.

Jumatano, 18 Machi

Nimepata dawa yenyewe. Dhiki!

Mzee Osmund alituhadithia kwamba baba yake alikuwa na mparachichi usiozaa. Akaufuata alfajiri na panga, akautisha kwamba anaukata. Mtu wa pili akatokea, akauombea msamaha, akasema baba usiukate, mwaka huu utazaa. Mti ukaogopa. Ukazaa mpaka matawi yakavunjika.

Kwa hiyo leo asubuhi nikatoka na panga la Thadeo. Mwombezi ni Rozi, nimemfundisha jana kwa kipande cha muwa. Nikasimama mbele ya ile nene kuliko zote, nikainua panga, nikaiambia kwa sauti kwamba nimechoka, nimeilisha, nimeivika, leo mwisho wake umefika. Nikamwonyesha Rozi kwa jicho.

Rozi akasema, "Kata."

Nikamkumbusha polepole. Nikainua panga tena. Rozi akaruka ruka kwa furaha. "Kata, mama! Kata!"

Hapo nikasikia mtu anakohoa. Imaculata, kichwa juu ya uzio, mswaki mdomoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Alinisalimia, habari za asubuhi, nikamjibu nzuri. Akauliza kama deizi zimekosa nini. Nikamwambia tunacheza na mtoto. Akasema anaona, na panga lenyewe linang'aa.

Lakini naamini zimeogopa! Jani moja lilitikisika, na upepo haukuwepo.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Tumerudi na makuti yetu mikononi, Rozi kamchapa jogoo kwa lake.

Tumba hakuna. Nimefunua jani moja moja. Kwa masista, nimechungulia tukipita, maua yao yamepukutika kwa zile mvua, yamebaki machache ya kikanisa chao wenyewe. Kwa hiyo huko siwezi kuomba.

Na Imaculata leo ameosha! Kamba nzima! Nyekundu, bluu, na ile rangi nyingine. Yanadondosha povu. Aliniona nikiangalia, akaniita juu ya uzio.

"Mama Rozi, huo mchicha wako unaiva lini?"

Nikamwambia bado wiki, na katika wiki moja Mungu aliumba vitu vingi kuliko maua. Nikaingia ndani haraka kabla sijalia. Gauni limening'inia msumarini. Nimelipiga pasi mara nyingi mpaka linaanza kuchoka kabla halijavaliwa. Nimemvalisha Rozi nimwone tu. Alishika mwiko akatembea sebuleni mpaka kwenye kabati, taratibu, kidevu juu. Nilimfundisha mimi. Anajua kila hatua. Kilichobaki ni ua.

Sikulia sana.

Alhamisi, 2 Aprili

Siamini! SIAMINI!

Siku hizi zote Rozi anasimama kwenye tundu la uzio anasema yai. Yai, mama. Nikadhani kuku wangu wanataga kule, nikakasirika, hata niliwafuata kuku kimya kimya kuona wanaelekea wapi. Leo nimepanda juu ya ndoo ili nichungulie.

Deizi! Nyeupe! Shina zima, pana kama beseni, maua juu ya maua, kwenye jalala la Imaculata, nyuma ya magugu, katikati ya magunzi yangu mwenyewe! Ni kile kikonde! Kile chenye majani mawili! Hakijapata kopo wala kijiko, hakijatishwa, hakijafunikwa. Na kinacheka.

Ndoo ikapinduka. Goti limechubuka. Sijali! Maua ya Rozi yapo! Ni yangu, mzizi ni wangu, nilipewa mimi na Sista.

Imaculata bado hajayaona, magugu yameyaficha. Sasa nayatoaje?

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimefunga. Nimefikiri sana kama kuchukua kitu chako kwenye jalala la mtu ni wizi. Nimeona si wizi. Ni kuokota.

Imaculata alikwenda kwenye Njia ya Msalaba ya kwanza, mimi nikabaki niende ya pili. Nikachukua upembo wa kuangulia mapera, nikapanda ndoo, nikaupitisha juu ya uzio. Upembo unayumba. Njaa na dhambi kwa pamoja. Nikahisi kitu kimenasa. Nikavuta polepole. Kinakuja! Kinakuja!

Ua la plastiki. La bluu. Na kibanio chake.

Nilikuwa nimenasa kamba yake ya nguo, maua tangu Jumapili hajayaanua. Kabla sijarudisha nikasikia geti, Imaculata amerudi. Nikashuka. Nikamsikia anayahesabu maua yake, anarudia, anauliza hewani la bluu liko wapi. Akaanza kulitafuta chini. Akafuata upande wa uzio. Akaingia kwenye magugu.

Halafu nikamsikia, "Ee Bwana wangu."

Ijumaa Kuu haina vigelegele, lakini alikaribia sana. Alimwita Clinton aje aone muujiza.

Nimekaa chini ya uzio na ua la bluu mapajani. Linanuka sabuni. Nimelificha chini ya godoro.

Jumamosi, 4 Aprili

Mkono bado unauma kwa kazi ya leo, lakini lazima niandike!

Asubuhi jumuiya walikuja kwangu kukata maua, kama nilivyoahidi. Mzee Osmund mbele, akina mama nyuma na ndoo na mikasi. Shikamoo Mzee, marahaba. Wakasimama mbele ya deizi zangu. Wakazunguka. Mama mmoja akanong'ona kwamba ni majani mazuri sana. Mzee Osmund, mtu wa heshima, akasema altare nayo inahitaji kijani pembeni.

Ndipo kichwa cha Imaculata kikatokea juu ya uzio. Akatangaza. Mungu amemwoteshea maua mazima kwenye jalala lake, hakupanda, hakumwagilia, anayetaka aje aone. Akainua ndoo. Imejaa! Akina mama wakashangilia. Mzee Osmund akasema basi mambo yameisha vizuri, Clinton atatangulia.

Nilitaka kusema ni yangu. Neno likafika kwenye meno. Lakini wataniuliza, mzizi wako ulifikaje kwa mwenzio? Na mimi ndiye niliyeomba tumsalie mtupa taka! Nikaufunga mdomo. Rozi alikuwa miguuni pangu amevaa gauni lake, sikuweza kumkatalia asivae, anamalizia hindi la kuchemsha. Nikajisemea, mwanangu, samahani.

Rozi alimaliza hindi. Akalitazama gunzi. Akajikokota mpaka kwenye uzio, akavuta mkono nyuma kama mtu mzima, akalirusha.

"Mama Clinton, pokea!"

Lilipita juu, zuri, likatua. Tulisikia lilivyotua.

Kutoka ng'ambo, sauti ya Imaculata, taratibu:

"Nimepokea."

Kisha akauliza, "Na maua nayo nilipokea hivyo hivyo, Mama Rozi?"

Nilitafuta uongo. Nilitafuta kila mahali. Haukuwepo hata mmoja. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaeleza yote, Sista, kikonde, kila kitu, isipokuwa la bluu.

Imaculata akatoweka juu ya uzio. Tukasikia geti lake, hatua zake, kisha geti letu. Akina mama wakanisogelea, wengine kunilinda, wengine waone vizuri. Aliingia na ndoo kiunoni. Aliitua mbele yangu. Akamtazama Rozi, ambaye alichomoa ua moja, akalinusa, akasema yai. Kitu kwenye mdomo wa Imaculata kikalegea.

"Mzizi wako, udongo wangu," akasema. "Watoto watatangulia wawili. Na lile jalala utalizoa wewe, leo, mpaka nione ardhi."

Mzee Osmund akavua kofia palepale, akaanzisha sala kabla mtu hajabadili nia. Alimshukuru Mungu kwa kumgusa moyo yule tuliyemwombea mwezi wa pili. Watu wakasema amina kwa nguvu sana. Kupita kiasi.

Nimelizoa. Mgongo si wangu. Nimekuta humo kijiko changu kizuri, kile nilichokuwa namlaumu Thadeo kwa kukipoteza!

Jumapili, 5 Aprili

PASAKA!

Altare nyeupe na manjano, kijani changu pembeni, na kweli kijani kilipendeza, wengi wamesema. Walipoanza kutembea nilishika mkono wa Thadeo nikaubana. Clinton na suti upande huu, Rozi na gauni upande ule, kila mmoja na ua lake. Kidevu juu! Hatua zile zile za sebuleni! Katikati ya kanisa akakaa chini. Akakaa tu, gauni limetanda, akaanza kuongea na ua. Nilitaka kukimbia. Clinton akainama, akamnong'oneza kitu, akamshika mkono akamwinua. Wakaendelea. Sitamsema tena vibaya yule mtoto, hata tai yake.

Alimpa Padre ua. Kisha akamwomba amrudishie. Kanisa zima likacheka, Padre naye.

Nililia. Imaculata alikuwa nyuma yangu, akanipitishia ncha ya kitenge chake. Nikamwambia ni vumbi la maua. Akasema deizi zina vumbi kali sana.

La bluu nimelichomeka nyuma ya chombo, upande wa ukutani, watu walipokuwa wanaimba. Kwa hiyo limerudi mikononi mwa mwenyewe, au karibu yake.

Tukitoka, Sista Adela alimuuliza Imaculata aliyalea vipi. Akamjibu hakufanya kitu chochote, hakujua hata kama yapo. Sista akanigeukia, akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Nimeelewa, Sista.

Jumatatu, 6 Aprili

Tumba!

Tangu Alhamisi sijazigusa deizi zangu, nilikuwa na mambo ya uzio na jalala. Leo nimefunua majani, na pale katikati kabisa, tumba! Dogo, la kijani, gumu kama kifungo cha shati. Na lingine! Kila shina lina lake! Nimembeba Rozi nikamzungusha mpaka tukaanguka wote.

Kumbe ilikuwa inafanya kazi muda wote! Mbolea ilikuwa inachelewa tu njiani. Na panga nalo lilisaidia. Thadeo amekuja kuona, akafurahi, akanishika mabega yote mawili akaniomba, kwa jina la Mungu, niziache kama zilivyo. Nikamwahidi. Akaenda zake kazini.

Sikumwambia la jana. Pale nje ya kanisa, katika ile furaha, nilimwambia Mzee Osmund kwamba Pentekoste nitaleta maua ya altare, na ya kutandika njia nzima kutoka getini mpaka mlangoni. Watu walipiga makofi! Imaculata hakupiga. Alisema anakwenda kulowesha yake.

Sasa njia ni ndefu, na matumba haya ni madogo. Ukiyaangalia vizuri yanatia huruma. Mfuko wa Thadeo upo kwenye kona, na chini bado kuna kiasi. Rozi tayari kashika kopo, anaruka ruka.

Naweka kalamu. Deizi zina njaa.